Kupandisha Toleo la PostgreSQL na MariaDB kwenye Debian: Pale Kazi Inapokwama na Namna ya Kuikwamua

Seva nyingi za Lubumbashi, ziwe za shule, za depo ya dawa kule Kamalondo au za wakala wa forodha anayefuatilia malori ya Kasumbalesa, hubeba hifadhidata ya PostgreSQL au MariaDB iliyokaa miaka bila kuguswa. Siku toleo la Debian, mfumo endeshi wa seva hizo, linapopandishwa, matatizo huja kwa pamoja: apt, chombo cha kusakinisha programu, inakataa kuendelea, huduma haiwaki, au inawaka lakini jedwali zote hazionekani. Katika hali nyingi za namna hii data yenyewe ingali mzima kwenye diski, mahali pale pale ilipokuwa jana. Kinachoipoteza ni amri zinazoandikwa kwa hofu katika nusu saa inayofuata, hasa amri za kufuta. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya sharti moja: usifute faili, klasta (seti ya hifadhidata inayoendeshwa na seva moja ya PostgreSQL) wala kifurushi chochote mpaka uweze kutaja saraka ambamo data yako imelala na toleo la programu lililoiandika.

Tambua kwanza kilichovunjika

Kuna tabaka tatu, na kila moja ina dawa yake. La kwanza ni vifurushi, yaani kazi ya apt na dpkg. La pili ni huduma, yaani seva ya hifadhidata inayopaswa kuwaka. La tatu ni data iliyoko kwenye diski. Fundi anayelichanganya la kwanza na la tatu ndiye anayeishia kufuta saraka nzima ya `/var/lib/postgresql` kwa sababu apt ilimwandikia neno la kosa.

Anza na amri hizi tatu, ambazo hazibadilishi chochote:

```
dpkg -l | grep -E 'postgresql|mariadb'
pg_lsclusters
df -h; df -i
```

Katika jibu la amri ya kwanza, tazama herufi mbili za mwanzo wa kila mstari. `ii` ina maana kwamba kifurushi kimesakinishwa sawasawa. `iU` na `iF` zina maana kwamba kazi imeishia njiani. `rc` ina maana kwamba programu imeondolewa lakini faili zake za usanidi zimebaki. Amri ya mwisho inakuonyesha nafasi ya diski pamoja na idadi ya ingizo za faili zilizobaki, kwa maana diski inaweza kuwa na gigabaiti za kutosha na bado ikakataa kuunda faili mpya.

Seva nyingi za hapa kwetu zimesakinishwa kwa Kifaransa, na ujumbe wa makosa hutoka kwa Kifaransa pia. Unapotaka kuutafuta ujumbe huo kwenye intaneti, rudia amri ukiitanguliza `LC_ALL=C`, ili utoke kwa Kiingereza, kwa kuwa maelezo mengi yaliyoandikwa juu ya makosa haya yako katika lugha hiyo.

Vifurushi vinapokwama

Kosa linaloonekana mapema kuliko yote ni kufuli: `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`. Lina maana kwamba kuna mchakato mwingine unaosakinisha vifurushi wakati huo huo, na mara nyingi ni masasisho ya kiotomatiki yaliyoanza yenyewe baada ya mashine kuwashwa. Ushauri wa kulifuta faili hilo la kufuli umeenea sana, nami naukataa kabisa, kwa sababu michakato miwili ikiandika kwenye daftari la dpkg kwa pamoja, uharibifu wake ni mgumu kuurekebisha kuliko tatizo la mwanzo. Amri ya `sudo fuser -v /var/lib/dpkg/lock-frontend` itakutajia mchakato unaolishika, usubiri umalize.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, au muunganisho wa SSH (wa kuiendesha seva kwa mbali) ukianguka, apt itakuambia siku inayofuata kwamba dpkg ilikatizwa. Dawa yake ni:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Amri hizi zikishindwa kwa ujumbe kwamba hati ya baada ya usakinishaji imerudisha kosa namba 1, usiishie kwenye mstari huo wa mwisho. Panda juu mistari kumi au ishirini, maana chanzo chenyewe kimeandikwa huko: diski imejaa, lugha ya mfumo haipo, au huduma ilishindwa kuwaka. Kiondoe chanzo, kisha urudie `dpkg --configure -a`. Kama diski ndiyo iliyojaa, `sudo apt clean` huondoa vifurushi vilivyopakuliwa, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hupunguza kumbukumbu za mfumo. Saraka ya `pg_wal` iliyo ndani ya data ya PostgreSQL usiiguse hata kama inaonekana kubwa na isiyo na kazi. Bila yaliyomo humo, hifadhidata haiwezi kurejea katika hali sahihi.

Kosa la saa huwashangaza wengi. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, kila umeme unapokatika mashine huamka ikiwa na tarehe ya zamani, na apt hukataa orodha za vifurushi kwa kusema kwamba `Release file ... is not valid yet`. Hapo hakuna kasoro yoyote katika hazina ya vifurushi wala katika funguo zake. Rekebisha saa hivi:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi
sudo timedatectl set-ntp true
```

Ukanda wa `Africa/Lubumbashi` uko saa moja mbele ya `Africa/Kinshasa`, na jambo hili litarudi tunapofika kwenye klasta mpya. Betri yenyewe ni ya bei ndogo. Ibadilishe kabla ya kuendelea.

Kama kosa linataja `NO_PUBKEY`, maana yake ni kwamba ufunguo wa hazina ya nje haupo au umepitwa na wakati. Kwa hazina rasmi ya mradi wa PostgreSQL, kifurushi cha `postgresql-common` kinakuja na hati inayouweka ufunguo na anwani mahali pake: `/usr/share/postgresql-common/pgdg/apt.postgresql.org.sh`. Usizime ukaguzi wa saini ili mambo yapite tu, kwani huo ndio ukaguzi unaokuhakikishia kwamba programu unayoisakinisha ndiyo iliyotolewa na wenyewe.

Kwa anayelipia intaneti kwa mega, kitu cha msaada mkubwa ni kuitenga kazi ya kupakua na kazi ya kusakinisha. `sudo apt-get -d full-upgrade` hupakua kila kinachohitajika na kukiweka kwenye `/var/cache/apt/archives` bila kubadilisha chochote kwenye mfumo. Muunganisho ukikatika, irudie amri hiyo hiyo nayo itaendelea pale ilipoishia. Usakinishaji wenyewe uufanye baadaye, ndani ya `tmux`, ili kuanguka kwa SSH kusiue mchakato, na mashine ikiwa imechomekwa kwenye ondulere ambayo umeijaribu kwa kuchomoa waya ukutani na kuona inaishikilia seva kwa dakika kadhaa.

Huduma inawaka lakini data haionekani

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi, na kwa kweli ndilo jepesi kulimaliza. Debian 11 inakuja na PostgreSQL 13, Debian 12 inakuja na 15, na Debian 13 inakuja na 17. Tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu, na matoleo makuu mawili hayasomi faili za data kwa umbo moja. Kutoka 15.3 hadi 15.8 ni kubadilisha programu na kuiwasha upya tu. Kutoka 13 hadi 15 ni kuihamisha data.

Debian haikuhamishii data hiyo peke yake. Inasakinisha toleo jipya kando ya la zamani, inaunda klasta mpya tupu, na kwa kuwa poti 5432 imeshikwa, inaipa klasta hiyo poti 5433. Ndiyo maana `pg_lsclusters` huonyesha hivi:

```
Ver Cluster Port Status Owner    Data directory
13  main    5432 online postgres /var/lib/postgresql/13/main
15  main    5433 online postgres /var/lib/postgresql/15/main
```

Anayesoma mistari hii miwili ameshajua kila kitu: data ya depo iko kwenye 13, na 15 ni chumba kitupu. Anayeingia moja kwa moja kwenye 5433 na kuona hakuna jedwali huamini kwamba kila kitu kimefutika. Mwingine huchukua saraka ya data ya 13 na kuielekeza kwa seva ya 15, naye hupata jibu kwamba `database files are incompatible with server`. Jibu hilo ni kinga: seva imekataa kuwaka na haijaigusa data yako.

Jihadhari pia na `systemctl status postgresql`. Huduma hiyo ni kifuniko tu, na huonyesha `active (exited)` hata kama klasta yenyewe imelala. Hali halisi utaisoma kwa kutaja toleo na jina, yaani `systemctl status postgresql@15-main`, na sababu ya kulala utaipata mwishoni mwa faili `/var/log/postgresql/postgresql-15-main.log`.

Kabla ya kuhamisha, chukua nakala rudufu, na uiweke nje ya mashine hiyo (hapa `depo` ni jina la mfano la hifadhidata):

```
sudo -u postgres pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
sudo -u postgres pg_dump -Fc depo > depo.dump
```

Amri ya kwanza huchukua watumiaji na maneno yao ya siri, ambayo `pg_dump` haiyabebi. Wengi huisahau, kisha hurejesha jedwali zisizo na mwenyewe. Nakala ambayo haijarejeshwa haijathibitika, kwa hiyo unda hifadhidata ya majaribio kwa `createdb`, ijaze kwa `pg_restore -d`, na uhesabu safu za jedwali moja unayoijua vizuri, kwa mfano ile ya stakabadhi za mauzo.

Sasa uhamisho. Chombo cha Debian, `pg_upgradecluster`, kitakataa kufanya kazi ikiwa klasta lengwa tayari ipo, kwa hiyo ile klasta tupu ya 15 lazima iondolewe kwanza. Hapa ndipo namba moja iliyokosewa inapoweza kukugharimu hifadhidata nzima. Thibitisha kwa macho kwamba unayoiondoa ndiyo tupu, kisha uandike:

```
sudo -u postgres psql -p 5433 -l
sudo pg_dropcluster --stop 15 main
sudo pg_upgradecluster -v 15 13 main
```

Amri ya kwanza isipoonyesha chochote isipokuwa `postgres`, `template0` na `template1`, endelea. Ikionyesha jina la hifadhidata yako, simama, kwa sababu huenda kuna mtu aliyekwisha kuanza kuitumia klasta mpya, na hapo una data pande mbili zinazohitaji kuunganishwa kwa mkono.

Kwa kawaida chombo hiki husoma data yote kutoka klasta ya zamani na kuiandika upya katika mpya, kwa hiyo kinahitaji diski yenye nafasi ya kubeba nakala mbili. Kikimaliza, klasta mpya huchukua poti 5432, na ya zamani huhamishiwa poti nyingine na kuwekwa isiwake yenyewe. Iko njia ya haraka zaidi, `-m upgrade`, inayotumia faili zilizopo, na ukiiongezea `--link` haihitaji nafasi maradufu. Lakini baada ya klasta mpya kuwaka kwa njia ya `--link`, ya zamani haitumiki tena kwa usalama. Kwa hifadhidata ya gigabaiti chache, ambayo ndiyo hali ya wengi wetu, sioni sababu ya kujifungia mlango wa kurudi ili kuokoa dakika ishirini.

Uhamisho ukikwama, tafuta chanzo katika mambo mawili kwanza. Moja ni lugha ya mfumo: klasta iliyoundwa kwa `fr_FR.UTF-8` haiwezi kuundwa upya kwenye mashine ambayo lugha hiyo haijazalishwa, na dawa yake ni `sudo dpkg-reconfigure locales`. La pili ni viendelezi. Ujumbe wa `could not access file "$libdir/postgis-3"` unamaanisha kwamba kiendelezi cha ramani kimesakinishwa kwa toleo la zamani tu. Sakinisha `postgresql-15-postgis-3`, kisha urudie.

Kama tayari mtu ameondoa kifurushi cha `postgresql-13` lakini saraka ya data ingalipo, usikate tamaa. Hazina ya mradi wa PostgreSQL huweka matoleo makuu kadhaa kwa ajili ya Debian moja, kwa hiyo unaweza kuisakinisha upya programu ya zamani, kuiwasha klasta na kuihamisha kwa utaratibu. Lakini hilo linawezekana kwa `remove` peke yake; `purge` huweza kuifuta na saraka ya data.

Baada ya kuhama

Malalamiko ya kwanza huwa ni mwendo wa polepole. Takwimu ambazo seva huzitumia kuchagua njia ya utafutaji hazikuhamishwa kwa njia ya `pg_upgrade` (ile ya `-m upgrade`) katika matoleo haya, kwa hiyo zitengeneze upya. Kuirudia amri hii hakudhuru kitu:

```
sudo -u postgres vacuumdb --all --analyze-in-stages
```

Malalamiko ya pili ni ya kuingia. Tangu toleo la 14, maneno ya siri mapya huhifadhiwa kwa `scram-sha-256`, ilhali ya zamani yamebaki kwa `md5`. Ukiwa umeandika upya `pg_hba.conf`, faili la kanuni za kuingia, kwa mkono na kudai `scram-sha-256`, watumiaji wa zamani watakataliwa ingawa neno lao la siri ni sahihi. Njia ya `md5` katika faili hilo hupokea aina zote mbili. Iache hivyo hadi kila mtumiaji awekewe neno jipya, kisha uibadilishe. Programu za zamani sana zinazoungana na seva zinaweza kushindwa na aina hii mpya, na hizo zinahitaji kusasishiwa maktaba yao ya kuunganishia.

Ukinakili `postgresql.conf` ya zamani kwa mkono, seva inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya kigezo kilichoondolewa, kwa mfano `stats_temp_directory` kilichoachwa katika toleo la 15. Kumbukumbu ya seva itakitaja kigezo hicho kwa jina. Na ikiwa uliunda klasta mpya kwa mkono, uliza `SHOW timezone;`. Mashine iliyowekwa kwa saa za Kinshasa itachapa stakabadhi zenye saa moja pungufu, na mhasibu atakuja kuuliza kwa nini dawa ziliuzwa kabla duka halijafunguliwa.

Jambo linalosahauliwa zaidi, na ambalo halitoi kelele yoyote, ni mpangilio wa herufi. PostgreSQL hutegemea maktaba ya glibc kupanga maneno, na maktaba hiyo ilibadilisha sana kanuni zake katika toleo la 2.28. Faharasa iliyojengwa kwa kanuni za zamani na kusomwa kwa mpya inaweza kushindwa kumpata mteja ambaye yumo, au kuruhusu jina lijirudie mahali palipokatazwa. Aliyehamisha kwa njia ya kawaida amesalimika, kwa kuwa faharasa zote zilijengwa upya. Aliyetumia faili zile zile, au aliyepandisha Debian peke yake bila kuigusa klasta, azijenge upya:

```
REINDEX DATABASE depo;
ALTER DATABASE depo REFRESH COLLATION VERSION;
```

Amri ya pili ipo kuanzia toleo la 15, na huondoa onyo la `collation version mismatch`. Ukiitoa kabla ya ya kwanza, utakuwa umelinyamazisha onyo na kuiacha kasoro.

MariaDB na umeme uliokatika

Kwa MariaDB hakuna klasta mbili: programu mpya huichukua saraka ile ile ya `/var/lib/mysql`. Debian 11 ina 10.5 na Debian 12 ina 10.11, na uhamisho kwa kawaida hupita bila shida, mradi seva ya zamani ilizimwa kwa utaratibu. Mashine iliyozimika kwa umeme kukatika, kisha ikapandishwa toleo kabla seva ya zamani haijapata nafasi ya kuwaka na kujiponya, itaandika kwenye `journalctl -u mariadb` kwamba `Upgrade after a crash is not supported`.

Ushauri unaozunguka sana ni kufuta `ib_logfile0`. Usiufuate. Faili hilo linabeba mabadiliko ambayo hayajafika kwenye jedwali, na kulifuta baada ya kuzimika ghafla ni kuyatupa mabadiliko hayo na kuziacha jedwali katika hali isiyolingana. Simamisha huduma, nakili saraka nzima ya `/var/lib/mysql` kwenye diski nyingine, sakinisha tena toleo la zamani, hata kama ni kwenye mashine ya pili, liache lijiponye kwa data hiyo, kisha ulizime kikamilifu:

```
SET GLOBAL innodb_fast_shutdown = 0;
```

na baada yake `sudo systemctl stop mariadb`. Data iliyozimwa hivyo, toleo jipya litaipokea, nawe utamalizia kwa `sudo mariadb-upgrade`. Anayejua haya mapema hutoa amri hiyo ya kuzima kikamilifu kabla ya kuanza kupandisha, na hukwepa safari yote.

Kuondoa toleo la zamani

Klasta ya zamani ya PostgreSQL iache mahali pake mpaka mwisho wa mwezi wa hesabu upite na ripoti zote zitoke sawa, maana ripoti za mwezi hugusa jedwali ambazo kazi ya kila siku haizigusi. Katika muda huo zuia programu isiondolewe kwa bahati mbaya kwa `sudo apt-mark hold postgresql-13`, na usome orodha yote ya `apt autoremove` kabla ya kuikubali. Muda ukifika, chukua nakala ya mwisho ya klasta mpya, endesha `pg_lsclusters` ukutane tena na namba za toleo na poti, kisha uandike kwa mpangilio huu:

```
sudo pg_dropcluster 13 main
sudo apt-mark unhold postgresql-13
sudo apt purge postgresql-13 postgresql-client-13
```